Siku Kumi za Binti Yangu



Ndugu msomaji, wiki hii nimeliweka kando darsa letu la kawaida ili nieleze jambo lililonifika mimi mwenyewe. Nimeona nilieleze kwa sababu tangu Ramadhani iliyopita wazazi watatu wamenijia, kila mmoja kwa wakati wake, na swali moja: mwanangu anasoma shahada ya uzamili ya biashara, na chuo kimemwambia asafiri ng'ambo kwa wiki moja au mbili, je, Sheikh, hii ni elimu au ni matembezi? Niliwajibu kwa ufupi pale barazani, na jawabu la barazani huwa na upungufu wake. Jawabu langu kamili limo katika kisa hiki, na sehemu yake moja hainipambi.

Mwezi wa Oktoba 2024, baada ya sala ya Isha, binti yangu mkubwa alinipigia simu. Yeye na mumewe wanakaa Gataka, katika Kaunti ya Kajiado, jirani na mji wa Ongata Rongai, ng'ambo ya mto Mbagathi kwa mtu atokaye Nairobi. Mchana anafanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha yenye shughuli zake kwenye bandari ya nchi kavu ya Embakasi. Jioni na Jumamosi husoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Hakunipigia ili kuniomba ruhusa. Baada ya kunitolea salamu na kuniuliza hali ya magoti yangu, alisema: "Baba, darasa letu linakwenda Dubai mwezi ujao kwa siku kumi. Mume wangu ameridhia na fedha nimeshalipa. Ninachowaombeni wewe na mama ni mje mkae na watoto, maana baba yao yuko zamu za usiku."

Nilinyamaza. Mama yake aliyekuwa ameketi karibu yangu aliinamisha kichwa, kwani alijua ninachokikumbuka.

Mwaka 2009 binti huyu huyu alimaliza sekondari kwa alama nzuri, akapata nafasi ya kusoma Malaysia miaka minne, karo ikiwa juu ya wafadhili. Barua ililetwa kwangu siku ya Alhamisi. Kufika Jumamosi nilikuwa nimeshaijibu. Sikumwita tukazungumza, sikumuuliza mama yake, wala sikumtafuta mtu yeyote anayeijua nchi ile. Niliandika kwamba familia haikubali. Nilimwambia binti kuwa nimefanya hivyo kwa ajili ya dini. Lau ningeikabili nafsi yangu kwa ukweli ningesema nimefanya kwa kuogopa maneno ya watu: kwamba sheikh anafunza watoto wa wenzake, na wake amemwachia peke yake nchi ya mbali. Hakulia mbele yangu. Alisema, "Sawa, baba," akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakuniomba tena jambo lolote kubwa. Mzazi asiyeombwa hudhani kwamba mambo yake na wanawe yametulia. Mimi nilidhani hivyo kwa miaka kumi na mitano.

Kwa hiyo simu ile ya Oktoba ilikuwa na uzito kuliko maneno yake. Nilijibu kwamba tutakuja.

Kabla ya kuondoka nilimtaka anieleze safari hiyo ni ya namna gani, naye alinieleza kwa subira. Wanafunzi wa shahada hii wengi ni watu wazima wenye kazi na watoto, hawawezi kuhama nchi kwa mwaka mzima. Basi vyuo vimetunga somo fupi: wiki kadhaa za kusoma na kujadili darasani kabla ya safari, kisha siku saba hadi kumi na nne katika nchi nyingine, asubuhi kutembelea kampuni na bandari, alasiri mhadhara, usiku kujadiliana, na mwisho kuandika ripoti inayosahihishwa na kuhesabiwa katika shahada. Si jambo la Nairobi peke yake. Chuo cha biashara cha Harvard, huko Marekani, kilianzisha mwaka 2011 mpango wa kuwatoa wanafunzi wake wote wa mwaka wa kwanza wakafanye kazi kwa siku chache na kampuni za nchi zinazoinukia, na kundi la kwanza, watu wapatao mia tisa, liliondoka Januari 2012. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu anaweza kuzisoma biashara za watu kwenye makaratasi kwa miaka miwili akahitimu bila ya kumsikia hata mmoja wa watu hao akisema.

Nilimuuliza kuhusu fedha, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu huteleza. Gharama ilikuwa shilingi 280,000: tiketi, malazi, viza na usafiri wa kule, chakula cha usiku kikiwa juu ya mtu mwenyewe. Benki moja ilikuwa tayari kuwakopesha wanafunzi wote kwa riba, na fomu ilipitishwa darasani kama inavyopitishwa karatasi ya mahudhurio. Yeye hakuijaza. Alikuwa ameweka akiba kwa muda wa miaka miwili, na kilichopungua, shilingi 60,000, alikopeshwa na wanawake wenzake wa chama, mkopo mwema usio na nyongeza, wa kulipwa kwa miezi sita. Nilitaka kumwambia ahsante kwa kuihifadhi nyumba yake na riba, lakini niliona aibu: somo hilo nilimfundisha akiwa na miaka kumi, na yeye amelishika vizuri kuliko nilivyoyashika mimi mengine niliyoyafundisha.

Ama suala la mwanamke kusafiri, wanavyuoni wetu wamelizungumza kwa urefu, wamo waliokaza na wamo waliofungua mlango kwa masharti ya amani ya njia na wenza waaminifu. Sitalimaliza katika ukurasa huu. Nasema tu kwamba mumewe aliridhia, kundi lilikuwa na wanawake kumi na mmoja wanaojuana, na malazi yao yalikuwa mbali na ya wanaume. Mwenye shaka katika hali yake amuulize mwalimu wake, na amuulize mapema kabla ya barua kujibiwa.

Tulipanda gari moshi la asubuhi pale Miritini, tukashuka Syokimau, mkwe wangu akatupokea na kutuzungusha kwa barabara ya kusini inayopakana na mbuga ya wanyama, hadi barabara ya Magadi, hadi Rongai. Mimi ni mtu wa Mji wa Kale. Nimezaliwa mahali ambapo ukuta wa jirani ni ukuta wako na bahari iko mwisho wa kila kichochoro. Gataka nilikuta majumba ya ghorofa yanayoota kando ya mashamba ya sukuma wiki, baridi ya asubuhi inayoingia kwenye mifupa, na udongo mweusi ambao mvua ya vuli ikiupiga hung'ang'ania kiatu hata ukadhani umevaa viwili. Maji huletwa na lori, na mtu huhesabu madumu kama sisi tunavyohesabu siku za mwezi. Wajukuu wangu wananisalimia kwa Kiswahili, kisha wakigeukiana wanazungumza Sheng, na mimi mwalimu wa lugha na nahau nikawa naomba tafsiri kwa mtoto wa miaka minane.

Siku ya pili nilitoka kununua maziwa katika duka lililo mbele ya lango letu. Mwenye duka ni mama wa makamo, mwenyeji wa Murang'a, anauza unga, mafuta na maziwa, na pembeni ana kibanda cha M-Pesa. Aliposikia kwamba mama wa nyumba ile amekwenda Dubai kusoma siku kumi, alicheka, akasema, "Mzee, hata mimi nimesomewa hapa."

Akanieleza. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, wageni wengi wamekuja Nairobi na pembezoni mwake kuiangalia, wakiwamo wanafunzi wa biashara wa vyuo vya ng'ambo. Siku moja basi lilisimama mbele ya duka lake likateremsha vijana zaidi ya ishirini na mwalimu wao. Walimuuliza anapata faida kiasi gani, anahofia wezi au hahofii, mteja akikosea namba hufanya nini. Walikaa muda usiofika saa moja, wakapiga picha, wakanunua soda zote zilizokuwa kwenye friji, wakaondoka. "Nilifurahi kwa sababu ya soda," alisema. Lakini kesho yake mmoja wao, msichana, alirudi peke yake kwa matatu. Aliomba kreti akakalia kona ya duka kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi. Hakuuliza mengi. Aliandika kila mteja aliyekuja kutoa fedha na kila aliyekuja kuweka, na kila mara mama alipolazimika kumrudisha mteja kwa kuwa fedha mkononi au salio la simuni limekwisha. Jioni alimwonyesha daftari: wateja kumi na wanne wamerudishwa, tisa kati yao kabla ya saa sita mchana, kwa sababu mama alikuwa akienda benki ya Rongai saa nane. "Nikabadilisha nikawa naenda asubuhi na mapema. Mpaka leo naenda asubuhi," alisema. "Sasa wewe niambie, mzee. Wale walikuwa darasa moja. Nani alisoma?"

Nilirudi nyumbani na maziwa yangu nikiwa na swali hilo. Nikamkumbuka Ibn Batuta. Kila mtoto wa pwani aliyepita madrasa amelisikia jina hilo. Alipita kwetu karibu na mwaka 1331, akitoka Mogadishu kwenda Kilwa, na Mombasa alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja, naye akaeleza kwamba watu wake ni wa madhehebu ya Shafii, kwamba chakula chao ni ndizi na samaki na nafaka inayoletwa kutoka kwingine, kwamba misikiti yao ni ya mbao na imejengwa kwa ustadi, na kwamba penye milango ya misikiti pana visima ambapo watu huosha miguu kabla ya kuingia. Karibu miaka mia saba imepita, na mtu akitaka kujua babu zetu waliishi vipi karne ile hawezi kuukwepa usiku ule mmoja. Lakini ni yeye yule aliyeandika kwamba baina ya Mombasa na nchi ya Waswahili pana safari ya siku mbili baharini. Sote tunajua kwamba kivuko chetu hakimalizi robo saa. Macho yake yaliona sawasawa yale aliyoyaona. Lile la umbali huenda alilisikia akalichukua bila ya kulipima, na hakuwa na siku ya pili ya kulipima.

Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nikijiuliza swali lililopinda. Nilikuwa nikiuliza kama siku kumi zinatosha. Jabir bin Abdillahi, Mwenyezi Mungu amridhie, alisafiri mwendo wa mwezi mzima kumfuata Abdullah bin Unays kwa ajili ya hadithi moja, na Imam Bukhari ameitaja safari hiyo katika Kitabu cha Elimu. Njia ilikuwa mwezi, somo lilikuwa maneno ya kikao kimoja, na hapana aliyesema kwamba Jabir amepoteza wakati. Alikuwa anajua anachokifuata na nani anacho.

Zamani zetu sisi watu wa bahari, muda wa safari haukuwa mikononi mwa msafiri. Babu yangu alikuwa akitusimulia mabumu ya Ghuba yaliyokuwa yakiingia Bandari ya Kale kwa kaskazi, yamebeba tende na mazulia, yakasubiri miezi mpaka kusi ianze kuvuma ndipo yarudi na boriti za Lamu. Nahodha alitaka asitake alikaa. Katika kukaa huko alijifunza lugha, akajua nani analipa deni na nani halipi, akaoa, akaacha jamaa. Upepo ndio uliokuwa chuo. Leo ndege inampeleka mtu kwa saa tano na kumrudisha kwa saa tano, hapana upepo wa kumlazimisha kumjua mwenyeji wake. Kwa hiyo lile ambalo upepo ulimlazimisha nahodha, msafiri wa leo inambidi ajilazimishe mwenyewe.

Na sheria yetu inasema neno hapa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, msafiri hupunguza sala. Lakini akinuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiondoa siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea, husali rakaa zake zote kama mwenyeji. Nimefundisha mas'ala haya zaidi ya miaka thelathini nikiwahesabia wanafunzi siku kwa vidole. Huko Gataka, mchana nikisimama kusali Adhuhuri rakaa nne zangu timamu katika chumba cha wageni, ndipo yaliponigusa. Siku nne tu, na mtu si mpita njia tena mbele ya Mola wake. Na mtu aliyehesabiwa kuwa mkaazi, mahali alipo pana haki juu yake: awajue majirani, awasalimie, asile na kuondoka. Binti yangu angekaa Dubai siku kumi. Mimi nilikuwa na siku kumi Gataka. Wote wawili tulikuwa wakaazi kwa hukumu, na mmoja wetu, yule mwenye kilemba, alikuwa bado hajamjua hata jirani wa mlango wa pili.

Basi nilianza kutoka. Nilikwenda Rongai mjini kusali Ijumaa, nikakaa baada ya sala na vijana wa Kisomali, wa Kinubi na wa Kikuyu waliosilimu, wakaniuliza maswali ambayo Mombasa hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilizungumza na mzee wa Kimaasai anayeleta mbuzi pale njia panda. Aliniambia kwamba ardhi yote niionayo kuanzia pale hadi kwenye mteremko ilikuwa ya baba yake, wameikata viwanja vya futi hamsini kwa mia, wakauza, na fedha zikaenda kwa magari na harusi. "Ng'ombe ningeweza kumhesabu," alisema. "Fedha sikujua kuihesabu, na hakuna aliyenifundisha." Nilifikiria viwanja vya jamaa zetu kule Kisauni na Kikambala, nikaona kwamba mzee yule angetufaa sana katika mihadhara yetu ya mirathi.

Binti alikuwa akipiga simu kila usiku, saa yake ikiwa mbele ya yetu kwa saa moja. Siku za mwanzo alizungumza kama mtu aliyebeba vitabu vingi kwa wakati mmoja. Walipelekwa bandari ya Jebel Ali, iliyofunguliwa 1979, na eneo huru la biashara lililoanzishwa kando yake 1985. Aliona makontena yakipangwa na mashine, na karatasi za mzigo zikiwa zimeshamalizwa kabla ya meli kutia nanga. "Sisi, baba, meli huingia, ndipo karatasi ianze kutafutwa," aliniambia. Mwenyeji wao aliwaeleza jinsi ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, wanaouita Khor, ulivyokuwa umejaa mchanga hata vyombo vikubwa haviingii, na mtawala wao Sheikh Rashid akaazimia kuuchimba, kazi ikamalizika karibu na 1961. Mafuta yaligunduliwa 1966. Binti alilirudia hilo mara mbili: walichimba kabla ya mafuta. Nimeishi miaka yangu yote nikisikia barazani kwamba wale wametajirika kwa sababu Mungu amewapa mafuta, na sisi hatuna. Jambo hili nimelijua nikiwa na miaka hamsini na sita, kutoka kwa mtoto niliyemzuia kusafiri.

Lakini usiku wa sita sauti yake ilikuwa tofauti. Alasiri ile wenzake walikwenda kwenye maduka makubwa, yeye na mwenzake mmoja wakaenda mtaa wa zamani wa Al Fahidi. Katika nyumba moja aliinua macho akaona dari la boriti. Boriti za mikoko, kama zilizo juu ya chumba alichozaliwa. Alikipima chumba kwa hatua, kikatoka upana ule ule, karibu mita tatu, kwa sababu huko na huku fundi hakuweza kupita urefu wa mti. Alisimama pale, akasema, akajihisi kana kwamba amefika kwa shangazi.

Walipotoka walikutana na mlinzi wa jengo jirani, mwanamke, akawasikia wakizungumza Kiswahili. Alikuwa mzaliwa wa Kilifi. Yuko huko mwaka wa nne. Aliwaeleza zamu za saa kumi na mbili, chumba cha watu wanane, deni alilolipa mwaka mzima kwa wakala aliyempeleka, na pia, kwa fahari, nyumba ya mawe aliyomjengea mama yake na ada za wadogo zake wawili. Hakulalamika wala hakusifu. Binti aliniambia: "Baba, siku tano tumeonyeshwa namba za ukuaji. Yule ndiye namba, na hakuwamo katika mhadhara hata mmoja." Ripoti yake aliyoiandika baada ya kurudi ilikuwa na sehemu mbili, ya karatasi zinazotangulia meli, na ya wakala wa ajira wanaowatoza watu wetu wa pwani kabla hawajaondoka. Mwalimu wake alimuuliza kwa nini sehemu ya pili imo katika somo la biashara. Alimjibu kwamba hao nao ni wasafirishaji, na mzigo wao ni watu.

Alirudi siku ya Jumapili. Watoto walimrukia, mama yake akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka tuliowaleta kwenye barafu. Usiku, watu walipolala, nilibaki naye sebuleni. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu usiku wa sita. Nilimwambia: "Mwanangu, ile barua ya 2009 niliijibu kwa haki yangu na si kwa haki yako. Sikukushauri. Niliweka jina la dini juu ya hofu yangu. Naomba unisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu, hata nikasikia lori la maji likipita nje. Kisha akasema: "Nilikusamehe zamani, baba, kabla sijaolewa. Lakini nakuomba kitu kimoja. Usimwambie mtu kwamba safari hii imelipa ile. Siku kumi si miaka minne."

Nimelipokea neno hilo kama lilivyo. Nilikuwa, bila ya kujijua, nimetaka safari ya Dubai iwe kafara yangu. Haiwezi kuwa. Safari fupi ina manufaa yake, na mtu aliyenyimwa ile ndefu ndiye anayejua vizuri mipaka ya ile fupi. Mwaka huu mdogo wake, kitinda mimba wetu, ana miaka kumi na saba na anazungumzia vyuo vya mbali. Tumekubaliana kwamba barua ikija itasomwa mbele ya watu wote wa nyumba, na binti yangu mkubwa atakuwa wa kwanza kusema.

Basi kwa wale wazazi watatu, na wengine mlio na swali hilo hilo, hii ndiyo nasaha yangu.

Mwulizeni mwanafunzi safari hiyo ni sehemu ya shahada au ni nyongeza, kwani kama ni sehemu, huenda sehemu ya gharama imo ndani ya karo mliyokwisha kulipa. Mwulizeni fedha inajumuisha nini na nini kinabaki juu yake. Msiingie katika riba kwa ajili ya siku kumi. Tangu 2008 nchi yetu ina benki zinazofuata sharia, na kabla ya benki pana chama, jamaa na akiba. Na kama haviwezekani vyote hivyo, aulize chuoni kama anaweza kufanya kazi nyingine badala yake, maana wapo wenzake wengi wasiomudu, nao huona haya kuuliza.

Kisha mwulizeni jambo lililo zito zaidi: anakwenda na swali gani? Asiye na swali atarudi na picha. Na amtafute angalau mtu mmoja ambaye hakupangwa katika ratiba, akae naye bila ya haraka, kama yule msichana aliyekalia kreti. Akisikia jambo, alipime kabla ya kuliandika, asije akaiweka Mombasa mbali na bara kwa siku mbili.

Na nyinyi mnaobaki nyumbani kulea watoto, msidhani kwamba elimu imeondoka na yule aliyepanda ndege. Tokeni nje ya lango. Mimi nimerudi Mombasa, na asubuhi nikipita kwenye duka la M-Pesa la mtaani kwetu sasa humuuliza kijana wa pale ni wateja wangapi aliowarudisha jana. Mara ya kwanza alinishangaa. Juzi alikuwa na daftari.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awahifadhi wasafiri wetu, wa siku kumi na wa miaka minne, na atusamehe sisi wazazi tulipohukumu kabla ya kushauriana. Wabillahi tawfiq.